Mataruma ya Angani

Agosti 1871 Paris ilikuwa bado inanuka majivu. Miezi mitatu kabla, katika siku za mwisho za uasi wa Komuni, kasri la Tuileries lilitiwa moto, na kuta zake nyeusi zilikuwa zimesimama wazi kando ya bustani. Tarehe 18 ya mwezi huo, kijana wa miaka 21 aitwaye Alphonse Pénaud aliingia katika bustani hiyo na kitu ambacho angeweza kukibeba kwa vidole viwili: kijiti, bawa la sentimita 45 kutoka ncha hadi ncha, mkia mdogo, propela upande wa nyuma, na utepe wa mpira uliosokotwa mpaka ukajikunja mafundo. Mabwana wa chama cha usafiri wa anga walikuwapo kushuhudia. Akakiachia. Kile kitu kikashika hewa, kikaenda mita 40 kwa sekunde 11, mpira ukaisha nguvu, kikatua.

Wengi wetu tumezoea kuamini kwamba kindege cha kuchezea ni mwigo wa ndege kubwa, kama gari la waya lilivyo mwigo wa basi. Hapa mtoto ndiye aliyemzaa mama. Siku Pénaud alipokiachia chombo chake, ilikuwa imebaki miaka 32 kabla ya mtu yeyote kupaa kwa ndege yenye injini.

Siri yake haikuwa katika mpira. Ilikuwa katika bawa na mkia. Ncha za bawa alizipinda juu kidogo, ili upande mmoja ukilala hewa iusukume zaidi na kuuinua tena. Mkia aliutega kwa pembe ndogo kuliko ya bawa, ili pua ikiinuka mno ishuke yenyewe, na ikishuka mno iinuke. Kindege hakikuwa na rubani, kwa hiyo akili ya rubani ilibidi iwekwe ndani ya umbo lenyewe. Hadi leo yeyote anayeunda kindege kisichoongozwa hufanya alichofanya Pénaud, ajue asijue.

Yeye mwenyewe hakufaidi. Ugonjwa wa nyonga ulikuwa umemfungia njia ya kuwa mwanamaji. Mwaka 1876, pamoja na fundi Paul Gauchot, alipata hataza ya ndege kamili ya kubeba watu, yenye uwezo wa kuondoka majini, magurudumu ya kukunjwa na usukani wa fimbo moja. Hakuna aliyetoa fedha. Inasimuliwa kwamba aliiweka michoro yake katika jeneza dogo na kuipeleka kwa Henri Giffard, yule aliyerusha puto la mvuke mwaka 1852. Oktoba 1880 alijiua, akiwa na miaka 30.

Mpira wake uliosokotwa, hata hivyo, ulikuwa umekwisha kuvuka bahari. Pénaud alikuwa ameutumia pia kuendesha mwanasesere wa kupaa wima, na mfano wa mwanasesere huyo, wa mwanzi, koki na karatasi, ulinunuliwa mwaka 1878 na askofu mmoja wa Marekani, Milton Wright, akawapelekea wanawe Wilbur na Orville. Mmoja alikuwa na miaka 11, mwingine 7. Wakauita popo. Ulipovunjika wakaunda mwingine, kisha mkubwa zaidi, kisha mkubwa zaidi ya huo, na hapo wakashangaa: kadiri popo alivyokua ndivyo alivyokataa kuruka. Miaka mingi baadaye walieleza kwamba hawakujua wakati ule kuwa chombo chenye vipimo mara mbili huhitaji nguvu mara nane. Uzito ulikuwa umewapa somo lake la kwanza, nao walikuwa bado watoto wa shule.

Uzito ndio uliowasumbua pia wale waliofuata. Baada ya Desemba 1903 na ushindi wa ndugu hao wa kupaa kwa ndege yenye injini kule Kitty Hawk, klabu za waunda vindege zilichipuka Marekani na Uingereza, lakini vifaa walivyokuwa navyo vilikuwa mbao za sprusi na misonobari, mianzi iliyopasuliwa, waya na hariri. Vindege vyao viliruka, ndiyo, ila vilikuwa kama mishale yenye haraka: vikipaa vinakimbia, vikigonga vinapasuka. Kilichokosekana ni mbao iliyo karibu na hewa yenyewe.

Mbao hiyo ilikuwa ikiota siku zote katika misitu ya Ekwado. Wahispania waliikuta kazini mwaka 1526, pale Bartolomé Ruiz, nahodha wa Francisco Pizarro, alipokutana baharini na chombo kilichofungwa kwa magogo, chenye matanga ya pamba na shehena ya biashara. Chombo cha namna hiyo waliita balsa, yaani chelezo, na jina likaurudia mti. Mwaka 1947 Thor Heyerdahl wa Norwe alikata magogo makubwa upande wa Quevedo, akafunga 9 kati ya hayo kuwa Kon-Tiki, na yeye na wenzake watano wakaelea siku 101 kutoka Peru hadi visiwa vya Polinesia.

Kwa mtu wa Afrika Mashariki mti huu si mgeni kabisa. Ni wa ukoo mmoja na mbuyu na msufi. Kama mbuyu, maua yake makubwa meupe hufunguka usiku na popo huyajia. Kama msufi, tunda lake likipasuka hutoa sufi laini inayopeperusha mbegu. Huota kwa pupa mahali msitu ulipofunguka, na baada ya miaka mitano hadi saba hufaa kukatwa. Ukiachwa uzeeke, mbao yake huwa nzito na kiini huanza kuoza. Gogo bichi limejaa maji kuliko mbao, na ni tanuri la kukaushia linaloifanya balsa iwe balsa. Mita moja ya ujazo iliyokauka huwa na kilo 160 hivi, na ile wanayoigombea waunda vindege hushuka chini ya 100. Mninga wa ujazo huohuo hupita kilo 500. Hata hivyo balsa si dhaifu kama sifongo. Seli zake zimepangika kama mirija iliyosimama pamoja, ndiyo maana kwa urefu wa nyuzi inastahimili mzigo ambao hakuna ambaye angeutarajia, na kwa upana unaiminya kwa kucha. Tabia hiyo imeifanya itafutwe na watengenezaji wa mapanga makubwa ya mitambo ya umeme wa upepo, na mahitaji yao, hasa miaka ya 2019 na 2020, yaliwaingiza wakata miti hadi katika ardhi za jamii za asili za Amazoni.

Katika miaka ya 1920 balsa ilienea mezani mwa waunda vindege wa Marekani. Mwaka 1926 Paul Guillow, rubani wa zamani wa jeshi la majini, alianza biashara katika mji wa Wakefield, Massachusetts: vifurushi vya balsa na mchoro wa ndege za Vita vya Kwanza vya Dunia, bawa la inchi 6, bei senti 10. Bahati ilimwangukia mwaka uliofuata. Mei 1927 Charles Lindbergh alivuka Atlantiki peke yake kutoka New York hadi Paris, na ghafla kila mvulana alitaka ndege. Gazeti la vijana la American Boy likaanzisha ligi ya waunda vindege, ikiendeshwa na mwalimu wa ufundi wa Detroit, Merrill Hamburg, aliyewaandikia wasomaji maelekezo ya kuunda hatua kwa hatua. Senti 10 ilikuwa pesa ya mtoto, na kindege kikawa kitu cha mtaani, hakikuwa tena cha mabwana wa chama.

Na bawa liliundwaje? Hapa inafaa kusogea mezani. Kwanza mchoro wa ukubwa halisi hubandikwa juu ya ubao laini unaokubali pini, na juu yake hutandazwa karatasi ya nta ili gundi isilishike bawa pamoja na mchoro. Fundi wa jahazi wa mwambao angeielewa kazi hii bila kuelezwa. Jahazi lina mkuku unaobeba urefu wote na mataruma yanayolipa umbo la tumbo. Bawa lina mhimili unaopita kutoka ncha hadi ncha na mbavu nyembamba zinazolipa umbo la mgongo. Tofauti iko katika mpango wa kazi. Fundi wa mwambao mara nyingi huanza na mbao za ubavuni, kisha ndipo hupachika mataruma ndani yake. Muunda bawa huanza na mataruma, na ngozi huja mwisho kabisa.

Mbavu ndizo zinazopima uvumilivu. Bawa dogo tu linaweza kuhitaji mbavu 20, na zote lazima zifanane, kwa sababu ubavu mmoja ukizidi nusu milimita ngozi itainuka hapo kama mfupa wa ng'ombe mwenye njaa. Mafundi wakabuni ujanja: vipande vyote hupangwa kama kitita cha karata kati ya vigezo viwili vya mbao ngumu, vikabanwa kwa pini ndefu, kisha vikapigwa msasa kwa pamoja. Kitita kikifunguliwa, mbavu zinatoka ndugu wa tumbo moja.

Umbo la mbavu hizo mara nyingi lilikuwa Clark Y, lililochorwa na Virginius Clark mwaka 1922. Mgongo wake umebinuka, na tumbo lake kwa sehemu kubwa ni bapa. Wanasayansi walilipenda kwa sababu zao. Mtoto mwenye meza ya jikoni alilipenda kwa sababu bawa lenye tumbo bapa hulala juu ya meza bila kuyumba wakati gundi inakauka. Bawa la Lindbergh, la mbao za sprusi lililofunikwa kitambaa, nalo lilikuwa na umbo hilohilo. Kati ya mvulana wa senti 10 na shujaa wa Paris tofauti ilikuwa ya ukubwa.

Mhimili wa chini hupigwa pini juu ya mchoro, mbavu hupangwa kila moja mahali pake, ukingo wa mbele na wa nyuma hufungia kazi, na tone la gundi hutiwa kila kiungo. Tone, si kijiko: gundi ni nzito kuliko balsa, na mwanagenzi hujulikana kwa wingi wa gundi yake. Kisha bawa hukatwa katikati, nusu moja huinuliwa kwa kitabu au kopo, na nusu mbili huunganishwa tena zikiwa na pembe ile ya Pénaud. Hapo lilipo ni mifupa mitupu, na ukiliinua mbele ya dirisha unaona mwanga wote ukipita. Wapo waliokiri kwamba wakati huo ndio bawa huwa zuri kuliko wakati mwingine wowote, na kwamba kulifunika ni kama kulionea.

Hufunikwa kwa karatasi ya shashi, jamaa ya ile ya tiara. Inabandikwa ikiwa na mikunjo, na mtu asiyejua angedhani kazi imeharibika. Kisha hunyunyiziwa maji, ikikauka inajivuta na kukaza kama ngozi ya ngoma. Ikifuata vanishi yenye harufu kali, inakaza tena. Nguvu hiyo ya kukaza ndiyo hatari yake: karatasi ikivuta upande mmoja kuliko mwingine, bawa hupinda kama papi la mbao lililoachwa juani, na kindege kitakwenda mviringo hadi kiguse ardhi. Dawa ni kulibana bawa juu ya ubao lingali bichi na kulisahau hadi kesho yake. Wajuzi huacha pindo moja la makusudi. Ncha zote mbili huzungushwa kidogo ili ukingo wake wa nyuma uwe juu, na kindege kikielemewa, katikati ya bawa iishiwe na hewa kabla ya ncha, kisipinduke.

Mwingereza Charles Wakefield, tajiri wa mafuta ya injini aliyewahi kuwa Meya wa London, alitoa kombe la kimataifa la vindege vya mpira mwaka 1928. (Hana uhusiano na mji wa Guillow, ni majina kukutana tu.) Waingereza walilitwaa miaka miwili ya mwanzo. Mwaka 1930 akaja Mmarekani Joseph Ehrhardt, akalichukua, na mwaka uliofuata akalichukua tena. Balsa ilikuwa imefika. Kilele cha enzi hiyo kilikuwa Agosti 1939, Bendix, New Jersey, pale Dick Korda wa Cleveland alipokiachia kindege chake. Mpira ulimaliza nguvu mapema, kama ilivyo ada. Lakini bawa lilikuwa limeingia katika nguzo ya hewa moto inayopanda, ile inayowabeba tai wetu bila kupiga mbawa, na kindege kikaendelea kuzunguka juu, dakika baada ya dakika, mpaka saa ikaandika 43. Wiki chache baadaye Ulaya iliingia vitani.

Vita viliichukua balsa kutoka kwa watoto. Nchini Uingereza kampuni ya de Havilland ilikuwa na wazo ambalo wakubwa wa jeshi waliliona la kizamani: ndege ya kivita ya mbao. Mosquito ya kwanza iliruka tarehe 25 Novemba 1940. Bawa lake lilikuwa la sprusi na plywood. Balsa ilikuwa katika kiwiliwili, ikiwa imelazwa katikati ya matabaka mawili ya mbao nyembamba za betula, kama nyama ndani ya sambusa. Nusu ya kulia na nusu ya kushoto ziliundwa mbalimbali juu ya vigezo, mabomba na nyaya vikapachikwa zikiwa wazi, kisha zikafungwa pamoja. Aliyewahi kuunda kindege mezani angeutambua mtindo huo upesi. Maseremala wa viwanda vya samani waliingizwa kazini, na zaidi ya ndege 7,700 zikatoka. Gundi ya awali, ya kasini itokanayo na maziwa, haikupatana na joto na unyevu wa nchi za tropiki, ikaiachia nafasi gundi ya viwandani. Nchini Marekani vifurushi vya watoto vikajaa kadibodi na misonobari, na mwaka 1942 jeshi la majini likawaomba wanafunzi wachonge ndege 500,000 za mbao, ili askari wajifunze kutofautisha adui na rafiki.

Baada ya vita zilikuja plastiki, povu na redio, na wengi wakaacha wembe na msasa. Baadhi ya waliokulia mezani walibeba elimu yao kwingine. Paul MacCready, aliyezaliwa mwaka 1925, alikuwa bingwa wa vindege tangu utotoni. Katika miaka ya 1970 alijikuta na deni la dola 100,000 hivi kwa kumdhamini ndugu mkopo, akakumbuka kwamba Mwingereza Henry Kremer ameweka zawadi ya pauni 50,000 kwa ndege itakayoendeshwa kwa misuli ya mtu, na kwamba kiasi hicho kilikuwa karibu sawa na deni lake. Washindani walikuwa wameunda ndege nadhifu zilizochukua miezi kutengenezwa zikivunjika. MacCready akawaza kama mtoto wa vindege: bawa kubwa mno, jepesi mno, la mabomba ya alumini, waya, balsa na plastiki nyembamba, la kuvunjika asubuhi na kuruka tena jioni. Gossamer Condor, bawa la mita 29 na uzito wa kilo 32, ilishinda tarehe 23 Agosti 1977 huko Shafter, California. Juni 1979 ndege yake ya pili ikavuka mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, Bryan Allen akikanyaga pedali kwa saa 2 na dakika 49.

Kisha yupo Maynard Hill. Alikuwa mtaalamu wa metali huko Maryland, na kwa miaka mingi alivunja rekodi za dunia za vindege, ikiwamo ya kukipandisha kimoja zaidi ya mita 8,000 mwaka 1970. Uzeeni macho yalififia hata sheria ikamhesabu kipofu, na masikio nayo yakadhoofika. Wakati huo ndipo alipoamua kuvusha kindege juu ya Atlantiki. Kanuni za kimataifa zilimpa kilo 5, mafuta yakiwemo. Aliunda kwa balsa, vidole vikifanya kazi ya macho, na kwa umbo la kawaida kabisa ambalo lingeweza kupita katika ukurasa wa gazeti la mwaka 1950: bawa la mita 1.8, injini ya sentimita 10 za ujazo, na karibu nusu ya uzito wote ikiwa ni mafuta ya taa za kambini. Kifaa cha setilaiti kilishika njia.

Majaribio ya mwaka 2002 yalishindwa. Jioni ya tarehe 9 Agosti 2003, katika rasi ya Cape Spear, Newfoundland, mzee huyo wa miaka 77 alikirusha kwa mkono kindege chake kiitwacho TAM-5. Rubani wa ardhini akakipandisha kwa redio, akakikabidhi kwa mashine, nacho kikaelekea mashariki kwa mwendo usiofika kilomita 80 kwa saa.

Kilipita juu ya maji usiku huo, mchana uliofuata na usiku wa pili. Alasiri ya tarehe 11, huko Mannin, karibu na Clifden, Ireland, kikundi cha watu kilikuwa kimekaza macho upande wa bahari. Hapohapo jirani ndipo Alcock na Brown walipoizamisha pua ya ndege yao katika matope mwaka 1919, mwisho wa safari ya kwanza ya kuvuka Atlantiki bila kutua. Kikatokea kitone, kikawa msalaba mdogo, sauti ya injini ikafuata. Dave Brown, si yule wa 1919, alishika redio, akakizungusha na kukishusha. Saa 38 na dakika 52, kilomita 3,028. Mafuta yaliyobaki ndani ya tangi hayakuzidi yanayojaza kikombe kimoja cha kahawa, vile vidogo vya barazani.